Upenyo, Si Kadi ya Porini

Kila Septemba inapoingia, msimu wa besiboli nchini Marekani hufikia hatua ambayo mashabiki wake hawapati usingizi. Kila timu inakaribia kumaliza mechi zake 162, msimamo wa ligi unasomwa asubuhi na usiku, na timu ambazo zimeshaukosa ubingwa wa kanda zao bado zinagombea nafasi chache za kuingia hatua ya mtoano. Nafasi hizo Wamarekani huziita wild card. Baadhi ya wanaoandika habari za mchezo huu kwa Kiswahili wameziita “kadi ya porini”, na wengine, wakidhani wanaongeza ufasaha, wameandika “kadi mwitu”. Msomaji wa makala haya anajua besiboli ni nini na anajua nafasi hizo hupatikanaje, kwa hiyo sitamrudisha darasa la kwanza. Ninachotaka kumwonyesha ni kwamba tafsiri hizo mbili si tafsiri. Ni maneno ya kigeni yaliyovishwa sauti za Kiswahili yakaachwa bila maana, ilhali lugha yetu ina neno linaloieleza nafasi hiyo barabara. Neno hilo ni upenyo.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa sababu lina matabaka mawili. Tabaka la kwanza ni “kadi”. Kwa msomaji wa habari za michezo wa Kiswahili, kadi ni ya njano au ni nyekundu, na zote mbili ni adhabu inayotoka mfukoni mwa mwamuzi. Ukimwambia kwamba timu imepata kadi ya porini, jambo la kwanza atakalouliza ni imekosa nini. Na hata tukikubali kwamba asili ya usemi huu ni mchezo wa kubahatisha, karata haijawahi kuitwa kadi na wachezaji wa Kiswahili. Ni karata, neno tulilolipokea kutoka Kireno, pamoja na jamaa zake: kopa, shupaza, uru, pau na turufu. Yapo mwambaoni tangu enzi za Wareno, na kila mmoja wa hawa wafasiri amewahi kuyasikia barazani. Tabaka la pili ni “porini”. Katika Kiingereza cha wacheza karata, karata ya aina hiyo ni ile isiyofungwa na thamani moja. Mwenye nayo huipa thamani anayoitaka. Kiswahili hakina mazoea ya kulitumia pori wala mwitu kwa maana hiyo. Mbwa mwitu ni mbwa asiyefugwa, ndizi mwitu ni ndizi isiyopandwa na mtu. Kwetu mwitu ni mahali na ni hali ya kutofugwa. Uhuru wa kubadili thamani haumo ndani yake. Kwa hiyo neno la kwanza limemtuma msomaji kwa mwamuzi, la pili limemtuma msituni, na hakuna hata moja lililompeleka kwenye msimamo wa ligi.

Wapo wanaosema njia ya usalama ni kukopa: tuandike “waildikadi” na tuendelee na safari, kama tulivyofanya kwa penalti na kona. Hoja hii ina uzito, wala si mimi wa kuichukia mikopo. Bila mikopo hata neno karata nisingelikuwa nalo. Lakini penalti ni kitu kimoja kila inapotajwa. Usemi huu una maana mbili zinazopingana katika michezo miwili. Katika tenisi ni mwaliko: waandaaji wa mashindano humpa nafasi mchezaji ambaye kiwango chake hakikumwezesha kuingia. Goran Ivanišević aliingia Wimbledon mwaka 2001 kwa njia hiyo, akiwa wa 125 duniani, na akaondoka na kombe. Katika besiboli hakuna mwaliko wala mwalikaji. Nafasi huamuliwa na hesabu ya mechi ambazo timu imeshinda na ilizoshindwa, na hakuna kamati inayoweza kuipa timu isiyostahili. Tukikopa sauti moja kwa mambo mawili, shabiki wa tenisi ataamini kwamba Boston au Seattle imependelewa. Kwa tenisi, nafasi ya mwaliko inatosha kabisa. Kwa besiboli tunahitaji neno linaloonyesha kwamba aliyeingia ameingia kwa nguvu zake.

Wengine wamependekeza “turufu”, na hawa angalau wamebaki ndani ya karata. Kasoro yao ni kwamba hawajaangalia karata hiyo inafanya nini mezani. Turufu hushinda: ikitupwa, karata za namna nyingine zote huinama. Timu iliyoingia mtoano kwa nafasi hii haimwinamishi yeyote. Tangu mwaka 2022 mabingwa wawili bora wa kanda katika kila ligi hupumzika raundi ya kwanza, na timu za nafasi hii hulazimika kuanzia raundi hiyo, katika mfululizo wa mechi tatu unaochezwa wote kwenye uwanja wa timu iliyo juu zaidi. Kuiita hali hiyo turufu ni kumpa mnyonge jina la mwenye nguvu. Wapo pia wanaopenda “mshindwa bora”, usemi uliozoeleka katika mashindano yetu ya soka. Usemi huu ndio unaonisumbua zaidi, kwa kuwa unakaribia ukweli kisha unaukosa. Mwaka 2021 Los Angeles Dodgers walishinda mechi 106, lakini San Francisco Giants wa kanda hiyohiyo wakashinda 107, na Dodgers wakaingia mtoano kwa nafasi tunayoijadili. Mwaka huohuo Atlanta Braves walikuwa mabingwa wa kanda ya Mashariki kwa ushindi 88, na wao ndio waliokuja kutwaa ubingwa wa msimu. Nani atathubutu kumwita mshindwa mwenye ushindi 106 mbele ya bingwa mwenye 88? Timu hiyo ilikuta mlango mpana umezibwa na jirani mmoja tu, ikapita penye wembamba.

Historia ya kanuni yenyewe inalithibitisha hili. Kabla ya mabadiliko, mlango ulikuwa mmoja: ubingwa wa kanda. Mwaka 1993 Giants walishinda mechi 103 wakarudi nyumbani, kwa sababu Braves, waliokuwa nao kanda ya Magharibi wakati huo, walishinda 104. Na Philadelphia Phillies wakaingia mtoano kutoka kanda ya Mashariki kwa ushindi 97. Kanuni mpya ilipangwa kuanza mwaka 1994, mgomo wa wachezaji ukaufuta mtoano, ikatumika kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kwa timu moja katika kila ligi. Mwaka 2012 nafasi zikawa mbili, na tangu 2022 ni tatu, hivi kwamba timu 12 kati ya 30 huvuka. Tazama kilichofanyika: ukuta ulikuwapo, ukatobolewa tundu, na tundu likapanuliwa mara mbili. Hakuna karata hapo, wala hakuna pori. Kuna njia nyembamba iliyofunguliwa kando ya lango, na wengi wanaisongea kwa pamoja. Kitu hicho Kiswahili kinakijua kwa jina.

Mzizi wake ni penya, kitenzi cha kupita mahali pembamba au penye kizuizi. Jua hupenya mawinguni, maji hupenya ukutani, mshambuliaji hupenya ngome ya wapinzani. Kutoka mzizi huo tuna upenyo, nafasi ndogo ya kupitia. Tuna penyeza, kukipitisha kitu kingine. Tuna penyenye, habari za siri zilizopata njia ya kutoka. Na tuna kipenyo, mstari unaopita katikati ya duara kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hili la mwisho ningeomba lisipitwe haraka. Waliotunga istilahi za hisabati waliukuta mzizi wa watu wa kawaida, wakaupa kiambishi ki-, na leo mwanafunzi anakokotoa kipenyo na nusu kipenyo bila kuhisi kwamba neno lilitungwa. Hiyo ndiyo alama ya istilahi njema: inasahaulika kuwa ni istilahi. Ikiwa mzizi huu umebeba jometri, hautashindwa na besiboli. Wapo wanaodai kwamba penya ni ndugu wa “penye” na kwamba kwa hiyo maana yake ya asili ni mahali tu. Dai hilo halisimami. Penye ni kiambishi cha mahali pa- kilichoungana na -enye, sawa na mwenye na chenye. Penya ni kitenzi kamili chenye minyambuliko yake. Kufanana kwa sauti si ujamaa, na anayeshiriki kuamua istilahi za taifa anatakiwa kulijua hilo kabla ya kuketi mezani.

Pingamizi kubwa ni la maadili, nami nalichukulia kwa uzito. Inasemwa kwamba neno hili lina harufu ya ujanja, na ushahidi unaoletwa ni methali: penye udhia, penyeza rupia. Basi timu iliyopita upenyoni itaonekana imehonga. Jibu limo katika sarufi. Methali inasema penyeza, haisemi penya. Penyeza ni kitenzi cha kusababisha: rupia haijipitishi, inapitishwa na mkono wa mtu. Penya hakina mkono wa pili. Apenyaye ndiye afanyaye kazi yote. Tofauti hii, ambayo Kiswahili kinaibeba kwa silabi moja, ndiyo hasa inayotenganisha besiboli na tenisi. Mchezaji wa tenisi aliyealikwa amepenyezwa na waandaaji. Timu ya besiboli imepenya. Pingamizi lililokusudiwa kulivunja neno limeishia kuonyesha kwamba linaweza kusema kwa herufi chache kile ambacho Kiingereza kimeshindwa kukitenganisha.

Na neno lijaribiwe mahali pagumu, kwenye usiku wa tarehe 28 Septemba 2011. Wakati huo kila ligi ilikuwa na upenyo mmoja. Katika moja, Boston Red Sox walikuwa wameongoza mbio za upenyo kwa mechi tisa mwanzoni mwa mwezi. Wakashinda mechi 7 tu kati ya 27 za Septemba, na Tampa Bay Rays wakawafikia. Katika nyingine, Braves waliokuwa mbele kwa mechi 10 na nusu mwishoni mwa Agosti walifikiwa na St. Louis Cardinals. Timu zote nne ziliingia siku ya mwisho zikiwa sare, mbili kwa mbili. Cardinals waliishinda Houston 8–0, kisha wakasubiri. Braves wakafungwa 4–3 na Phillies katika zamu ya 13, na Cardinals wakapenya. Red Sox walikuwa mbele 3–2 dhidi ya Baltimore Orioles, timu ya mkiani, wakibakiwa na mpigaji mmoja tu wa kumtoa, wakapoteza 4–3. Dakika chache baadaye Rays, waliokuwa nyuma 7–0 mbele ya Yankees hadi zamu ya nane, walishinda 8–7 katika zamu ya 12 kwa pigo la Evan Longoria lililovuka uzio, na wakapenya nao. Cardinals walikwenda hadi kutwaa ubingwa. Andika habari hiyo kwa “kadi ya porini” uone kama itasomeka. Kwa upenyo inajiandika, kwa sababu kitendo na jina la kitendo vinatoka kwenye shina moja.

Atakayesema kwamba waliopita upenyoni ni wasindikizaji tu na hawastahili neno lao ajibiwe kwa hesabu: kati ya mwaka 1997 na 2023, timu za upenyo zilitwaa ubingwa mara nane, kuanzia Florida Marlins hadi Texas Rangers. Na atakayesema besiboli haituhusu akumbuke kwamba vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, mwaka 2012, na kwamba wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani wanafuatilia mchezo huu kila msimu. Matumizi ni mepesi: upenyo, wingi penyo, au nafasi tatu za upenyo, mbio za upenyo, timu imepenya, timu imekosa upenyo, wapenyaji.

Mwaka 2024 New York Mets, Braves na Arizona Diamondbacks walimaliza wote kwa ushindi 89, na penyo zilizobaki zilikuwa mbili. Mets na Braves waligawana mechi mbili za siku moja baada ya msimu wa wengine kwisha, wakavuka wote wawili; Arizona wakaachwa kwa matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe kwa zenyewe. Msomaji wa Kiswahili anastahili kuelezwa jambo kama hilo kwa neno analoweza kuliona likifanya kazi. Wahariri wa michezo wasisubiri kikao cha kamati yoyote. Waandike upenyo Septemba ijayo, na kadi wawaachie waamuzi.