Mstari mmoja: vipimo vya magonjwa ya ngono na swali ambalo hatuulizwi

Saa tano usiku simu ikaita. Ni rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya kwanza hapa Dodoma, siku hizi anafundisha Kondoa. "Mwenzangu, nimejipima kile kipimo cha mate. Mstari mmoja. Niko salama, eti?"

Nikamuuliza tukio lilikuwa lini. Siku sita zilizopita. Tukio gani? Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini: ngono ya mdomo, bila kondomu, na mpenzi mpya. Zahanati alikwenda. Aliulizwa, "Una dalili gani?" Akajibu hana. Akaambiwa arudi nyumbani. Ndiyo akanunua kipimo cha mate, na usingizi bado haujarudi.

Aisee, swali lake linanihusu kitaaluma pia, maana jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Kila kipimo kilibuniwa kujibu swali fulani. Ukikipa swali jingine kitakujibu tu, ila jibu hilo linaweza kukupoteza.

Kaswende na moyo wa ng'ombe

Mwaka 1879 Mjerumani Albert Neisser aliviona vimelea vya kisonono kwa hadubini. Mwaka 1905, mjini Berlin, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann wakaviona vya kaswende. Mwaka uliofuata August von Wassermann na wenzake wakatoa kipimo cha damu cha kaswende. Kipimo hiki hakikutafuta kimelea chenyewe. Kilitafuta namna mwili ulivyoitikia.

Mwanzoni walitumia maini ya vichanga waliokufa kwa kaswende. Baadaye ikaonekana kwamba hata moyo wa ng'ombe unafaa, na mwaka 1941 mtafiti Mmarekani, Mary Pangborn, akatenga kutoka humo mafuta yanayofanya kazi hiyo, yaani kadiolipini. Kipimo cha RPR, ambacho bado kinatumika hospitalini, kinategemea kadiolipini hadi leo. Huku Ugogoni ng'ombe tunamjua kwa mahari na nyama. Kumbe na maabara anahusika!

Lakini mwitikio wa mwili una utata wake. Vimelea vya buba ni ndugu wa karibu sana wa vimelea vya kaswende, na kipimo cha damu hakiwezi kuvitenganisha. Buba huambukiza zaidi watoto kwa kugusana ngozi, wala haina uhusiano na ngono. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alidai kwamba hadi asilimia 80 ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende, na lawama zikaelekezwa kwenye tabia zao. Watafiti wa baadaye waliona kwamba sehemu kubwa ya vidonda vile huenda ilikuwa buba au kaswende isiyoenezwa kwa ngono. Hofu ile ilichangia kuanzishwa kwa Mulago mwaka 1913, ikiwa kituo cha magonjwa ya zinaa. Yaani hospitali kubwa kuliko zote Uganda ina mizizi kwenye utambuzi wenye walakini.

Mwanza: "Una dalili gani?"

Sasa turudi nyumbani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo, na zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na maabara.

Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Tanzania na wenzao wa London walijaribu jambo rahisi mkoani Mwanza. Walichukua jamii 12 na kuzipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma: watumishi walifunzwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili tu. Usaha, tiba hii. Kidonda, tiba ile. Hakuna kusubiri maabara. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizoboreshewa huduma, na 1.9 kwenye nyingine. Pungufu la takriban asilimia 40! Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakaisukuma dunia kuupa uzito utaratibu huo.

Mimi najivunia utafiti ule. Uliokoa watu. Ila ona ulichotuachia: mtumishi wa afya amezoea kuanza na dalili, na kisonono cha kooni mara nyingi hakina dalili yoyote. Kaswende nayo inaweza kuanza na kidonda kisichouma ndani ya mdomo, usikione kabisa. Aliyemuuliza rafiki yangu "una dalili gani" hakuwa mzembe. Aliuliza swali alilofundishwa.

Kipimo cha mate kinafika

Julai 14, 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima VVU hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya kitaifa. Kupima kukawa jambo la kusemwa kwa sauti. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watu wajipime wenyewe, na Novemba 2019 Bunge, hapa hapa Dodoma, likabadilisha sheria ili kuruhusu hilo.

Wengi hudhani kipimo cha mate kinatafuta virusi kwenye mate. Hapana. Kinatafuta kingamwili zinazochuja kwenye fizi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Siku ya sita, mstari mmoja hauelezi chochote kuhusu wiki iliyopita. Unaeleza ulivyokuwa miezi mitatu nyuma.

Nilichomwambia

Kwanza, hatari ya VVU kwa ngono ya mdomo ni ndogo sana. Dawa za kinga zinapohitajika, huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo dirisha hilo limeshafungwa. Arudie kipimo baada ya miezi mitatu.

Pili, anachokiogopa zaidi ndicho chenye uwezekano mdogo. Kisonono, kaswende na malengelenge ya sehemu za siri ndivyo vinavyosafiri kwa njia hii. Kisonono cha kooni hakionekani kwenye mkojo. Kinahitaji kijiti cha pamba kipite kooni, na si kila kituo kina maabara ya kukichunguza, hivyo aulize hospitali kubwa. Kipimo cha damu cha kaswende nacho kirudiwe baada ya miezi mitatu, maana mapema kinaweza kukosa. Na mpenzi wake apime pia.

Tatu, lililo gumu kuliko yote: aseme. "Nilifanya ngono ya mdomo, naomba mnipime na koo." Bila sentensi hiyo hakuna atakayefikiria koo lake.

Akacheka. "Nimwambie nesi hivyo? Nitakufa kwa aibu."

Tukaifanyia mazoezi kwenye simu, mimi nikiwa nesi. Mara ya kwanza alikata katikati. Mara ya nne akaimaliza.