Haiwaki si sawa na haiamki

Orodha ya istilahi za kompyuta iliyonifikia majuzi inataka tuseme kwamba kompyuta "inaanzishwa" kila inapoitwa kazini. Nimeisoma mara tatu nikitafuta sababu, sikuiona. Kiswahili kinajua kuanzisha ni nini. Chama huanzishwa, shule huanzishwa, hata ugomvi huanzishwa. Kilichoanzishwa jana hakianzishwi tena kesho asubuhi. Sasa mashine iliyokwisha kutumika miaka kumi Ulaya, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapandishwa lori hadi Mwanza na kuuzwa kama mtumba, itaanzishwaje kila siku saa mbili? Na ikigoma, orodha inatuambia hiyo ni "hitilafu ya uanzishaji wa awali". Awali ya nini tena?

Mimi natetea kuamka. Kompyuta inaamka, mtu anaiamsha. Pendekezo hilo nililipeleka kwa maandishi, kurasa nne, kwa kamati ambayo sitaitaja, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba kuamka ni kwa viumbe hai. Jibu hilo liliniudhi na bado linaniudhi, kwa sababu wenzetu hao hao wanaandika bila wasiwasi kwamba kompyuta ina virusi na ina kumbukumbu. Kinachougua na kukumbuka kinanyimwaje kuamka?

Wala neno hili sikulitunga mezani kwangu. Nililikuta kwenye banda la fundi, jirani na Makoroboi, Mwanza, siku niliyopeleka chaja yangu. Akaingia mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba, nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba mashine ya mezani iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inawaka, ila haiamki."

Fundi akaifungua kanga, akaichomeka. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikatoa mistari ya maandishi meupe na kukwama hapo. "Mama, hii haibuti," akasema. "Tupige windo tu." Kupiga windo ni kuweka mfumo upya, na kwa mikono yenye haraka mara nyingi kila kilichokuwamo hufutika. Mle ndani mlikuwa na hesabu za magunia na majina ya wanaodaiwa.

Mama akaweka kiganja juu ya mashine. "Nimekwambia haiamki. Sijasema imekufa."

Fundi akatulia, akasoma kioo upya. Tarehe ilikuwa imerudi 1 Januari 2009. Akaelewa. Kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ya duara mfano wa sarafu, yenye namba CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoishikia mashine saa na mipangilio yake inapokuwa haina umeme. Mama, kwa kuogopa radi za ziwani, alikuwa akiichomoa ukutani kila jioni, na betri ya namna hiyo huwahi kuisha pale inapobeba mzigo peke yake usiku kucha. Ikiisha, mashine husahau leo ni lini, na lililo baya zaidi, huweza kusahau jinsi ilivyopangiwa kuisoma diski yenye mfumo. Fundi akachokonoa betri kwa ncha ya bisibisi, akapachika nyingine, akarekebisha saa na mpangilio wa diski, akabonyeza swichi. Mlio mmoja mfupi, kisha hesabu za dagaa zikafunguka kama zilivyoachwa.

Hapo ndipo ninapotaka wanakamati wasimame. Mama yule alitenganisha mambo mawili ambayo orodha yao inayachanganya. Kuwaka ni habari ya moto na umeme. Makoroboi yenyewe imebeba jina la koroboi, taa ya utambi. Na wavuvi wa dagaa huwasha karabai usiku usio na mbalamwezi. Taa ikiwaka imemaliza kazi yake. Kompyuta ikiwaka haijamaliza kitu. Umeme umefika, basi. Bado inapaswa kujikagua, kuupata mfumo wake na kuupakia. Mashine isiyowaka inamwelekeza fundi kwenye waya, swichi na pawa saplai. Inayowaka bila kuamka inampeleka kwenye ramu, betri ya saa au diski. Neno moja kwa yote mawili humfanya mteja alipie pawa saplai mpya wakati ramu yake ilihitaji kufutwa kwa raba tu na kurudishwa mahali pake.

Na tazama utajiri wa mzizi huu. Kutoka amka tunapata amsha, na tunapata amkia, yaani kusalimu, kwa kuwa anayeamka jambo lake la kwanza ni salamu. Na kutoka amkia tunapata maamkizi. Usukumani nako shughuli ya asubuhi haianzi kabla ya "Mwangaluka". Mashine inafuata mwendo ule ule. Inajikagua viungo, kisha nyingi za zamani zikijiona nzima hutoa mlio mmoja. Yale ni maamkizi. Zikitoa milio mingi, zinaeleza zinaumwa wapi. Lugha iliyokwisha kupanga hatua hizo katika kitenzi kimoja na watoto wake, mtu anaiachaje akaenda kuokota kuanzisha?

Wapo wanaotaka kubuti, na mwenzangu mmoja wa zamani amelitetea neno hilo hadharani kwa kujiamini kuliko ujuzi wake. Kubuti asili yake ni kitanzi cha ngozi kilichoshonwa nyuma ya buti ili mvaaji alivutie mguuni. Waingereza na Wamarekani wana msemo wa mtu anayejinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Wataalamu wa miaka ya 1950 wakauazima, kwa maana programu ndogo huivuta kubwa: katika IBM 701 ya mwaka 1952 kitufe kimoja kilisomesha maagizo machache, nayo yakayaleta mengine. Picha hiyo ni nzuri kwao. Kwetu buti ni kiatu cha askari, au nyuma ya gari panapowekwa mizigo, na kitanzi hakimo. Fundi anayesema haibuti simlaumu. Kompyuta ilifika Wizara ya Fedha ya Tanzania mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wake, na katazo likadumu hadi miaka ya 1990. Mashine zilipoingia kwa wingi, zilikuja na vitabu vyake na maneno yake, na fundi hakuwa na wakati wa kusubiri vikao.

Kuzindua nalo limependekezwa. Hili lina hoja, maana aliyezimia huzinduka, na mashine huzimwa. Lakini uzinduzi umekwisha kuchukuliwa na viongozi na utepe wao, na kompyuta ya mama wa Mwaloni haihitaji mgeni rasmi.

Matumizi yenyewe hayana ugumu: kuamsha, kuamsha upya, diski ya kuamshia, mpangilio wa kuamka. Nomino iwe uamkaji, kwa kuwa mwamko umekwisha kupewa siasa na uamsho umepewa dini. Zile kurasa zangu nne bado ninazo, na kamati ikitaka kuzisoma safari hii nitazipeleka kwa mkono wangu.