Sikio la Chombo na Rangi ya Sumu

Mambo mawili yamewashughulisha wanamaji tangu kale: kujua kina cha maji, na kuiweka safi sehemu ya chombo ikaayo majini. Kwa karne nyingi mambo hayo hayakukutana. Bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba, ilitupwa baharini, kina kikahesabiwa kwa pima, kisha ikavutwa juu na kukauka. Chini yake palikuwa na kishimo kilichotiwa shahamu ili inase mchanga au tope, na nahodha ajue aina ya ardhi iliyo chini yake. Kwa kuwa bildi ilikaa majini kwa dakika chache tu, hapana kiumbe cha bahari kilichopata nafasi ya kufanya makao juu yake. Lakini chombo chenyewe kilikaa majini usiku na mchana, nacho ndicho kilichovamiwa.

Uvamizi huo huanza kwa utando wa utelezi usioonekana kwa urahisi. Baadaye huja mwani, kisha vijidudu vyenye magamba magumu mfano wa vikombe, ambavyo hushikamana na ubao au chuma hata visibanduke ila kwa kukwanguliwa. Chombo kilichofunikwa hivyo huwa kizito, na upepo uliokuwa ukikitosha huwa haukitoshi tena. Katika maji ya joto kuna adui wa pili, mdudu atoboaye mbao na kuzila kwa ndani. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walimkabili kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, uliopakwa jahazi likiwa limepwelewa ufukoni. Kazi hiyo haikuwa na mwisho, kwani deheni huisha na bahari haiishi. Kama wasemavyo wahenga, bahari haishi zinge.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 1761 manowari yao iitwayo Alarm ilivishwa mabati membamba ya shaba, ikapelekwa kwenye bahari ya West Indies. Ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilionekana imeulinda ubao vema. Walakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Penye karatasi iliyobaki kati ya madini hayo mawili, misumari ilisalimika. Basi ikajulikana kwamba madini mawili mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa kwa faida ya jingine.

Mtaalamu Humphry Davy aliitumia elimu hiyo mwaka 1824. Kwa kuwa shaba nayo ilikuwa ikiliwa na bahari kidogo kidogo, aliambatanisha nayo vipande vidogo vya zinki au chuma, ili viliwe badala yake. Hesabu yake ilikuwa sahihi: shaba ikaacha kuliwa. Lakini meli zilizolindwa hivyo zilirudi zimejaa mwani na magamba. Ndipo ilipodhihirika kwamba kule kuyeyuka kwa shaba ndiko kulikokuwa sumu ya viumbe wale. Aliyeizuia shaba isipotee aliiondolea na uwezo wake. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa rangi nyingi za sumu zilizofuata, hasa meli za chuma zilipoenea katika karne ya 19: rangi hulinda kwa kuwa hujitoa majini polepole, na siku ikiisha kujitoa, ulinzi nao umekwisha.

Karne ya 20 ilileta namna mpya ya kupima kina. Baada ya meli Titanic kuzama mwaka 1912, Mjerumani Alexander Behm alitafuta njia ya kugundua milima ya barafu kwa mwangwi. Njia yake ilifaa zaidi kwa kupimia kina, naye akapewa hataza mwaka 1913. Katika vita kuu ya kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitumia jiwe la kwatzi kutoa na kupokea mawimbi ya sauti ndani ya maji. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli ya uchunguzi ya Kijerumani, Meteor, ilipima sakafu ya Atlantiki ya kusini kwa mwangwi. Sauti hupita katika maji ya bahari kwa mwendo wa kama meta 1,500 kwa sekunde. Hivyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kina ni kama meta 7 na nusu. Baada ya vita kuu ya pili chombo hicho kilifanywa kidogo na rahisi, hata mashua za matanga zikakichukua.

Hapo ndipo mambo yale mawili yalipokutana. Kihisio cha kina, ambacho ndicho sikio la mashua, sharti kikae majini daima kama mkuku, na viumbe vya bahari hukivamia vilevile. Magamba na mwani juu ya uso wake hudhoofisha sauti itokayo na mwangwi urudio. Mashua iliyotia nanga majuma mengi katika maji ya joto yaweza kung'oa nanga ikiwa kiziwi, na nahodha akaona namba zinazorukaruka, au asione namba yoyote, wakati huohuo mwamba ukikaribia.

Dawa iliyo karibu ni rangi ileile ya mashua. Lakini yaweza kuwa na madhara. Koti nene huzuia sauti, na mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya rangi huizuia zaidi, kwa kuwa sauti ya majini haipenyi hewa kwa urahisi. Tena baadhi ya viyeyusho vikali vya rangi hula plastiki ya kihisio. Kwa hiyo uso wake husuguliwa kwa msasa laini, hufutwa, kisha hupakwa kwa burashi rangi maalumu iliyochanganywa kwa maji, koti jembamba lililo sawasawa. Rangi ya kupulizwa hukwepwa, maana huleta mapovu.

Wako waliotafuta sumu kali zaidi ili wasipake mara kwa mara. Tangu miaka ya 1960 rangi zenye mchanganyiko wa bati uitwao tributilitini zilienea kwa sababu zilidumu. Lakini katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza waliofugwa waliharibika magamba na vizazi vyao vikafa; wafugaji wakapata hasara kubwa. Mwaka 1982 Ufaransa ilizikataza kwa vyombo vilivyo chini ya meta 25, Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mapatano ya mataifa ya mwaka 2001 yalianza kutumika mwaka 2008.

Kwa hiyo mwenye mashua apakaye kihisio chake leo hufanya kazi ndogo yenye mizani kubwa. Rangi ikiwa haba, magamba huziba sikio. Ikizidi, rangi yenyewe huliziba. Na sumu ikiwa kali kupita kiasi, hulipwa na wavuvi na wafugaji wa chaza ambao hawakupanda mashua ile. Na mabaharia wenye busara hawajaitupa bildi, kwa maana risasi na kamba hazihitaji rangi.