Minofu, Mapanki na Ndege za Mwanza: Filamu Iliyomlazimu Rais Kujibu

Mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete, akiwa bado hajatimiza mwaka tangu aapishwe, alitumia sehemu ya hotuba yake kwa taifa kuzungumzia filamu. Alikanusha kwamba Mwanza ni njia ya kupitishia silaha. Alikanusha pia kwamba Watanzania wanabakiziwa mifupa ya samaki huku minofu ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Siku chache baadaye wakazi wa Mwanza waliandamana kuilaani filamu hiyo. Wengi wa waliomsikiliza Rais, na bila shaka wengi wa walioandamana, hawakuwa wameiona. Walikuwa wanasikia utetezi kabla ya kusomewa mashtaka.

Filamu yenyewe ni Darwin's Nightmare, kazi ya Mwaustria Hubert Sauper. Ilionyeshwa Venice mwaka 2004, ikazunguka matamasha ya Ulaya ikikusanya tuzo, na mwaka 2006 ikapata tuzo ya César ya Ufaransa katika kundi la filamu bora ya kwanza. Mwaka huohuo ilikuwa miongoni mwa filamu tano za makala zilizowania Oscar. Wakati serikali ya Tanzania inafungua kinywa, watazamaji wa Ulaya walikuwa na miaka karibu miwili wakiijua Mwanza kwa macho ya Sauper.

Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara inanishika. Inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa. Kisha tunaingia kwenye mnara wa kuongozea ndege, ambako mwongoza ndege anahangaika na mdudu dirishani huku ndege kubwa ya mizigo aina ya Ilyushin ikijongea. Hakuna msimulizi. Kuna maandishi machache tu kwenye kioo, na sauti ya Sauper mwenyewe akiuliza maswali kwa upole. Anawafuata marubani kutoka Urusi na Ukraine, mwenye kiwanda cha minofu, wasichana wanaokesha na marubani hao, na mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale yenye sumu. Watoto wa mitaani wananyang'anyana wali kwa mikono. Halafu tunapelekwa kwenye chanja za mapanki, vichwa na mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu viwandani, ambako funza wanatambaa na mama mmoja anaeleza jinsi hewa ya amonia ilivyomharibu jicho. Msichana mmoja anaiimbia Tanzania kwa sauti nzuri. Kabla filamu haijaisha tunaambiwa ameuawa na mteja.

Watu hao hawakuwa waigizaji. Umaskini ule haukutengenezwa, na anayedai kwamba Mwanza ya miaka ile haikuwa na watoto wanaolala kwenye vibaraza hakuwahi kupita mjini usiku.

Hata kisa cha sangara ni cha kweli, nacho kinasikitisha bila kuongezewa chumvi. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950, akakaa kimya karibu miongo miwili, kisha miaka ya 1980 akafurika. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa na mamia ya spishi zisizopatikana penginepo duniani, walitoweka kwa wingi ambao wanasayansi wameuhesabu miongoni mwa maangamizi makubwa ya viumbe wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Papo hapo fedha zikaja. Viwanda vya kuchakata minofu vikajengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na upande wa Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa sababu za afya, na viwanda vikalazimika kujipanga upya kufuata masharti yake. Ndiyo maana katika filamu tunawaona wajumbe wa Umoja huo wakisifu usafi wa viwanda hivyo, na usafi wanaousifu ulikuwepo kweli. Ila kina mama waliokuwa wakinunua samaki mzima kwa mvuvi, wakamkaanga au kumbanika na kumuuza, walijikuta hawaiwezi tena bei ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Kiwanda kilichukua minofu, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yakapata wanunuzi wake kutoka Asia. Yaliyobaki yakawa mapanki.

Sasa tuje kwenye silaha, maana hapa ndipo ufundi wa Sauper unapoonekana.

Tangu mwanzo filamu inauliza swali moja na kulirudia: ndege hizi, zinapokuja kuchukua samaki, huja na nini? Mmoja anajibu kwamba huja tupu. Mwingine anakwepa. Mwandishi wa habari wa Mwanza anaeleza aliyoyasikia na kuyafuatilia. Swali linaachwa, tunarudishwa kwa watoto na mapanki, kisha linaulizwa tena. Karibu na mwisho rubani mmoja, kwa huzuni inayoonekana ya kweli, anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, na safari ya kurudi Ulaya akabeba zabibu kutoka Johannesburg. Ukikaa na kalamu ukaandika kilichoonyeshwa hasa, utakuta kwamba katika dakika 107 hakuna bunduki hata moja inayoshushwa Mwanza. Ungamo zito kuliko yote ni la Angola. Hata hivyo mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na hakika kwamba ameona biashara ya minofu kwa silaha katika uwanja wa ndege wa Mwanza.

Hivyo ndivyo filamu ya makala ya kisiasa inavyomvuta mtu. Inaweka picha ya kweli kando ya picha nyingine ya kweli, na kichwani mwa mtazamaji inazaliwa ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga. Maandishi yakisema hili limesababisha lile, msomaji anaweza kusimama akadai ushahidi. Filamu haisemi kitu. Inakata tu, kutoka tumbo la ndege hadi uso wa mtoto, na anayetazama anaunganisha mwenyewe. Alichokiunganisha mwenyewe hatakiachia kirahisi, kwa sababu anakiona ni ugunduzi wake.

Sauper hakuwa mzushi. Mwaka 1997 alikuwa mashariki mwa Kongo akitengeneza Kisangani Diary, filamu kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifa msituni. Ameeleza jinsi alivyoona kwenye uwanja wa ndege mashine mbili kubwa za mizigo, moja ikiwa imeleta njegere za msaada kutoka Marekani, nyingine ikiondoka na tani 50 za samaki kwenda Ulaya, na jinsi alivyokuja kuelewa kwamba ndege zilizoleta chakula zilileta na silaha. Vita vya Maziwa Makuu vililishwa kwa ndege za aina hiyo. Alikuwa na hasira ya haki. Baadaye akaenda Mwanza na mwenzake mmoja na kamera ndogo, wakiingia sehemu nyingine kwa kujifanya wafanyakazi wa ndege.

Ila kuna kauli yake inayonikwaza hadi leo. Alisema angeweza kutengeneza filamu hiyohiyo Sierra Leone, samaki wakawa almasi, au Honduras, wakawa ndizi. Kwake Mwanza ilikuwa mfano wa mfumo wa dunia. Kwa watu wa Mwanza, Mwanza ni kwao. Mwanza ya mafundi wa mitumbwi, ya walimu, ya wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, haikuwa hadithi aliyokuja kuitafuta, na mji mzima ukabeba uso wa jambo lililokuwa kubwa kuliko mji.

Majibu ya serikali yalikuwa dhaifu. Ilijibu kwa ghadhabu, ikayakanusha ya kweli pamoja na yasiyothibitishwa. Mapanki yaliliwa, yananunuliwa hadi leo na wasiomudu kitu kingine, na kila mkazi wa kanda ya ziwa anajua. Kwa kuligeuza hilo kuwa tusi kwa taifa, serikali ilijinyima nafasi ya kubana mahali filamu ilipolegea, yaani ushahidi wa silaha. Mwandishi wa habari aliyehojiwa alipata misukosuko kwa sababu ya kuongea mbele ya kamera, jambo lililowapa wakosoaji wa nje sababu ya kuamini kwamba kuna kinachofichwa.

Aliyejaribu kubana alikuwa Mfaransa. Mwanahistoria François Garçon aliandika makala katika jarida la Les Temps Modernes, kisha kitabu kizima mwaka 2006, akihoji jinsi Sauper alivyounganisha samaki na silaha. Wakati huo wapo waliokuwa wakihimiza Wafaransa wasile tena sangara, kana kwamba mvuvi wa Ukerewe angenufaika kwa kukosa mnunuzi. Garçon alidai pia kwamba watoto walilipwa waigize mbele ya kamera, na kwa dai hilo Sauper alimshtaki. Februari 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani kwa kashfa, na rufaa yake mwaka uliofuata haikumsaidia. Kesi ilihusu heshima ya mwongozaji. Swali la nini kilikuwa ndani ya ndege halikuamuliwa na mahakama yoyote.

Pwani yetu ilikwisha kupitia jambo kama hili miaka 40 kabla, tena kwa uchungu zaidi. Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wapigapicha wa Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walipita angani juu ya Unguja. Walichokinasa ni misururu ya watu na miili iliyolala chini. Picha hizo ziliingia katika Africa Addio, iliyotoka mwaka 1966. Watu waliuawa Zanzibar siku zile, na kwa familia zilizopoteza wao, mkanda huo ni miongoni mwa kumbukumbu chache mno za macho zilizopo. Lakini umefungwa ndani ya filamu inayosema kwamba Afrika, mara Mzungu alipoondoka, ilirudi kwenye unyama. Makaburi ya Unguja yakawekwa safu moja na mizoga ya viboko na tembo, juu yake sauti ya msimulizi isiyo na shaka na lolote. Mpaka sasa, Wazanzibari wanapojadiliana kuhusu 1964, wapo wanaoutoa mkanda huo kama ushahidi, na wapo wanaoukataa wote kwa sababu ya mikono iliyoutengeneza. Hilo ndilo dhara kubwa la ubaguzi wa Jacopetti, kwamba aliwapokonya wafiwa hata ushahidi wao.

Agosti 1966, filamu hiyo ilipofika Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao Wajerumani walivuruga maonyesho hadi ikaondolewa ukumbini. Italia nako Jacopetti alichunguzwa kuhusu mauaji yaliyonaswa Kongo, kama kweli watu walipigwa risasi kwa kusubiri kamera iwe tayari, akasafishwa.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Vugiri, milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza hapo filamu 35 za kuwashawishi Waafrika juu ya kodi, benki ya posta, safura na kilimo bora, wakazizungusha kwa lori kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda na Nyasaland. Nazitaja kwa sababu moja. Zilionyeshwa kwa watu walewale zilizowahusu, na waliozionyesha walikaa kuangalia kama watazamaji wanacheka, wananuna au wanaondoka. Zilikuwa na nia ya kikoloni, lakini mtengenezaji alilazimika kumtazama usoni aliyemlenga.

Machi 2012 watu wa kaskazini mwa Uganda walipata nafasi ya namna hiyo. Shirika la Marekani la Invisible Children lilikuwa limetoa Kony 2012, filamu ya dakika 30 iliyotazamwa mara milioni 100 ndani ya wiki moja hivi, ikihimiza dunia imfanye kiongozi wa waasi Joseph Kony ajulikane ili akamatwe. Kony alikuwa ameondoka Uganda miaka kadhaa nyuma. Tarehe 13 mwezi huo shirika la vijana la AYINET liliionyesha hadharani mjini Lira, na maelfu wakaja, wengine wakiwa na makovu ya vita mwilini. Walitegemea kuona waliyoyapitia. Walichoona kwa sehemu kubwa ni mwongozaji wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo juu ya mtu mbaya, na fulana na bangili zikiuzwa kwa jina la aliyewakata midomo na masikio. Watu walipiga kelele, mawe yakarushwa, na AYINET ikasitisha maonyesho mengine iliyokuwa imeyapanga.

Mwezi uliofuata Invisible Children ilitoa filamu ya pili, yenye sauti nyingi zaidi za waathirika na viongozi wa jamii zao, na maelezo mapana zaidi kuhusu vita vyenyewe. Walioitazama walikuwa sehemu ndogo mno ya wale walioiona ya kwanza.