Kadi Nafuu ya Grafiki na Kompyuta ya Zamani

Desturi ya kuiongezea kompyuta ya zamani kadi ya grafiki badala ya kununua kompyuta mpya ilishika kasi mwaka 1996, wakati kampuni ya 3dfx ya California ilipoanza kuuza Voodoo Graphics. Kadi hiyo ilikuwa na mipaka ya ajabu: haikuweza kuonyesha herufi wala madirisha ya Windows. Kadi ya awali iliachwa mahali pake, waya mfupi ukaziunganisha mbili hizo kwa nje nyuma ya kasha, na Voodoo ikaingia kazini pale tu gemu la 3D lilipofunguliwa. Ilikuwa na memori ya megabaiti 4. Mwanzoni 3dfx ililenga mashine za kumbi za michezo, lakini bei ya chipu za memori iliporomoka mwaka huo, na kadi ikawezekana kuuzwa madukani kwa takriban dola 300. Januari 1997 kampuni ya id Software ilitoa GLQuake, toleo la gemu la Quake kwa kadi za 3D, na mwenye Pentium ya miaka michache nyuma akaona picha laini ambazo prosesa yake peke yake isingezichora. Dola 300 hazikuwa fedha kidogo, ila zilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nzima.

Kilichorahisisha mambo ni kwamba Voodoo ilichomekwa kwenye sloti ya kawaida ya PCI, ambayo tayari ilikuwepo katika Pentium nyingi. Bahati hiyo haikudumu. Kuanzia hapo, kadi ipi ina kasi zaidi likawa swali la pili. La kwanza likawa kompyuta yenyewe inaweza kupokea nini.

Mwaka 1997 Intel ilileta sloti ya AGP, iliyotengwa kwa ajili ya grafiki pekee. PCI ilipitisha megabaiti 133 kwa sekunde, tena zikagawanwa na vifaa vyote vilivyochomekwa. AGP ilianzia 266 na kuishia kiasi cha 2,100. Lakini ndani ya jina hilo moja kulikuwa na volti tofauti: za mwanzo zilitumia volti 3.3, zilizofuata 1.5, na za mwisho 0.8. Pengo lililokatwa kwenye meno ya kadi ndilo lililozuia kadi isiyofaa isiingie, na mtengenezaji aliyekata pengo pasipostahili aliweza kumsababishia mnunuzi kuunguza ubao mama.

PCI Express ilipoanza kuwekwa katika kompyuta mwaka 2004, wenye AGP walibaki nyuma na mashine zilizokuwa bado nzima. Watengenezaji hawakuwatupa mara moja. Waliweka chipu ndogo ya kutafsiri kati ya mifumo miwili, na kwa njia hiyo GeForce 6600 GT na hata, mwaka 2008, Radeon HD 3850 zikapatikana kwa AGP. Mara nyingi toleo hilo liliuzwa ghali kuliko pacha wake wa PCI Express, nayo prosesa ya zamani haikuweza kuilisha kadi kazi ya kutosha. Huo haukuwa ununuzi wa busara, ingawa si vigumu kuelewa kwa nini watu waliufanya.

Mtego wa pili, baada ya sloti, ulikuwa majina. GeForce4 MX ya mwaka 2002 ilibeba namba 4, lakini ndani yake ilikuwa na ukoo wa GeForce2 na haikuwa na uwezo wa kuprogramu rangi za pikseli ambao GeForce3 ilikuwa nao mwaka mmoja kabla. Baadhi ya magemu yaliyofuata yalikataa kabisa kufunguka juu yake. Miaka 16 baadaye mchezo ulirudiwa: GT 1030, iliyotoka 2017 ikiwa na memori ya GDDR5, ilipewa mwaka 2018 toleo la DDR4 lenye jina lilelile na takriban theluthi moja tu ya kasi ya memori. Mara chache jina lilimdanganya mnunuzi kwa faida yake. Radeon 9500 ilitumia chipu ileile ya 9700 iliyokuwa ghali zaidi, nusu ya njia zake za kuchora pikseli zikiwa zimefungwa. Wapo waliozifungua kwa programu na kupata kadi ya daraja la juu bure, na wapo walioambulia vimraba skrini nzima.

Kisha ukaja umeme. Sloti ya PCI Express x16 hutoa wati 75 mwisho. Kadi inayohitaji zaidi hudai waya wake kutoka pawa saplai. Kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex na HP Compaq zilijengwa na pawa saplai ndogo, mara nyingi kati ya wati 240 na 300, bila waya huo, na baadhi zina plagi zisizo za kawaida ambazo hufanya kubadilisha pawa saplai kuwe kazi ngumu. Mashine hizi huachwa na makampuni kwa maelfu baada ya miaka michache, na ndizo zinazojaza maduka ya kompyuta za mtumba kuanzia Ulaya hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Kwa mashine hizo, Februari 2014 ni tarehe ya kukumbukwa. NVIDIA ilitoa GTX 750 Ti kwa dola 149, ikila wati 60 tu, na matoleo yake mengi hayakuhitaji waya wa ziada. OptiPlex yenye Core i5 iliyokuwa ikiandika barua na kupiga hesabu ikaweza kucheza magemu mapya ya wakati huo bila kubadilishwa kitu kingine. Kwa makasha membamba yalitengenezwa matoleo mafupi yenye kibati cha nusu kimo. GTX 1050 Ti ilifuata Oktoba 2016 kwa dola 139 ikiwa na memori ya gigabaiti 4, kisha GTX 1650 mwaka 2019.

Wachimbaji wa sarafu za kidijitali, waliozinunua kadi kwa wingi, walivuruga bei mwaka 2017 na tena kuanzia 2020, safari hii pamoja na uhaba wa chipu duniani. Mwaka 2021 NVIDIA ililazimika kuirudisha sokoni 1050 Ti ya miaka mitano nyuma. Gigabaiti 4 hazikutosha tena kuchimba Ethereum, hivyo wachimbaji hawakuitaka. AMD ilijibu Januari 2022 kwa RX 6500 XT ya dola 199, iliyotumia njia 4 tu za PCI Express 4.0. Kwenye ubao mama wa zamani wa 3.0 kasi ya njia hizo hukatwa nusu, na kadi huonekana kudorora hasa pale memori yake inapojaa. Kadi nafuu za Intel Arc, zilizoanza mwaka huohuo, nazo hupoteza kasi nyingi pasipo Resizable BAR, uwezo ambao mbao mama nyingi za zamani hazina.

RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 kwa takriban dola 170 na kutumia wati 70, ilirudia kanuni ya kuishi kwa umeme wa sloti peke yake. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba 750 Ti na 1050 Ti hazitapata tena draiva mpya za magemu baada ya Oktoba, isipokuwa marekebisho ya usalama hadi 2028.