Walimu wa Fizi na Baraka katika Mwaka wa Korona

Katika historia ya inchi yetu masomo yamefungwa mara nyingi. Watu wa Fizi na Baraka wanajua vema: mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba, tena mwaka 1996, wengi walipovuka ziwa Tanganyika kukimbilia Kigoma. Zile zilikuwa nyakati za vita. Mwaka 2020 milango ilifungwa kwa amri, sababu ya ugonjwa. Wengi waliuliza: watoto watafanya nini? Wachache waliuliza: na mwalimu atakula nini? Ulizo hili la pili ndilo tunalotaka kutazama hapa.

1. Mshahara ulitoka wapi?

Tusizani kwamba shida ya mwalimu ilizaliwa na Korona. Wakati wa Wabelgiji misioni zilijenga masomo, na Serikali ilizisaidia kwa feza. Mwaka 1974 Mobutu akatwaa masomo hayo. Mwaka 1977 Serikali ikafanya mapatano na Ekleziya: hizi ziongoze masomo, Serikali ilipe walimu. Lakini feza ya inchi ikaanguka, mshahara ukawa si kitu. Baada ya mgomo mrefu wa miaka 1992 na 1993, wazazi wakaanza kumlipa mwalimu ili watoto wasipotewe na miaka yao. Feza hiyo tuliizoea kwa jina la «prime». Ilikuwa dawa ya siku chache. Ikadumu zaidi ya miaka 25. Basi mwalimu alikuwa mtumishi wa Serikali kwa jina, lakini chakula chake kilitoka mkononi mwa mzazi.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya chini ni bure. Neno hilo lilianza kutimizwa Septemba 2019. Ni jambo jema, kwani watoto wengi wa maskini waliingia darasani. Lakini walimu wengi hawakuwa bado katika orodha ya Serikali. Prime ilikatwa mara moja, mshahara ukakawia.

2. Milango inafungwa

Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi aliamuru kufunga masomo na makanisa. Tarehe 24 akatangaza hali ya hatari.

Tangu hapo walimu waligawanyika. Wenye namba ya Serikali waliendelea kutazamia mshahara wao, ijapokuwa ni mdogo. Wasio na namba hawakuwa na kitu cha kutazamia. Nao wa sekondari na wa masomo ya watu binafsi, walioishi bado kwa feza ya wazazi, waliipoteza, kwani ni mzazi gani atalipa kama mtoto hasomi?

Tena shida haikuja peke yake. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili mto Mulongwe ulijaa, ukabomoa nyumba nyingi za Uvira na kuua watu makumi. Njia ya Baraka inatokea huko. Katika milima ya Fizi watu walikuwa wakikimbia mapigano.

Wakubwa walisema watoto wafundishwe kwa radio, na Radio Okapi pamoja na Unicef wakaanza vipindi vya masomo. Kazi njema, lakini katika nyumba isiyo na feza ya chumvi, nani atanunua mawe ya radio?

Mwalimu alibaki na jembe la mihogo, ao mtumbwi wa kuvua ndakala. Kazi ya mikono si haya. Uchungu ni mwingine: kijijini mwalimu ndiye anayeandikia watu barua na kupatanisha wagomvi. Mtu kama huyo anakopa dukani kwa baba ya mwanafunzi wake. Kesho atamhukumuje mtoto huyo kwa haki katika mtihani?

3. Kurudi

Darasa za mwisho zilirudi tarehe 10 Agosti 2020. Mwaka mpya ulifunguliwa 12 Oktoba, na walimu wengi wa masomo ya kikatoliki wakagoma. Tarehe 18 Desemba masomo yakafungwa tena, mpaka 22 Februari 2021. Waliorudi waliambiwa waweke watoto mbalimbali, katika darasa ambamo wengi walibanana kwa benchi moja. Kunawa mikono kulikuwa rahisi kufundisha: kolera iliwafundisha watu wa Baraka zamani.

Historia hii inatufundisha nini? Korona haikuvunja nyumba ya mwalimu; ilionyesha tu kwamba nguzo zake zilioza. Wala tusilaumu Serikali peke yake. Sisi wa Ekleziya, tuliopewa masomo tuyaongoze, tulipokea prime miaka mingi tukaona ni desturi. Ndugu waseminari, wengi wenu mtakuwa kesho waongozi wa masomo. Siku mtakapopokea daftari la walimu, msihesabu majina tu. Ulizeni kila mmoja anakula nini.