Undugu: Nusu Karne na Watoto wa Mitaa ya Nairobi

Katikati ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na wavulana waliojipa kazi wenyewe. Gari likikaribia, mmoja anakimbia mbele, anamwonyesha dereva nafasi ya kuegesha, kisha anabaki kulilinda hadi mwenyewe arudi na kumpa sarafu. Wakazi waliwaita chokoraa. Polisi waliwakamata kwa uzururaji.

Padri Arnold Grol, Mholanzi wa Wamisionari wa Afrika, aliwafuata hukohuko barabarani, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society of Kenya. Huduma za mwanzo zilikuwa zile zile za huruma: chakula, malazi, karo. Lakini kule kwenye mitaa ya mabanda kama Mathare au Pumwani, walikotoka wavulana hao, mara nyingi mama alikuwa peke yake, na sarafu za maegesho ndizo zilizonunua unga wa jioni. Kumwondoa mtoto mjini bila kugusa chungu cha mama yake ilikuwa kazi bure. Kwangu mimi, Undugu yenyewe ilianza siku ilipolielewa hilo.

Shule nayo ilikuwa na vikwazo vyake. Serikali ilifuta karo ya madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, ila shule zikaleta michango ya ujenzi, na sare ikabaki mzigo wa mzazi. Undugu ikafungua madarasa yake mitaani: miaka 3 ya kusoma, kuandika na hesabu, na mwaka wa 4 wa ufundi. Baadaye vijana wakapelekwa kwa mafundi wa jua kali, wajifunze kuchomelea vyuma palepale wateja wanaposubiri, na wajue kupatana bei.

Miaka ya 1980 kazi iliingia kwenye nyumba zenyewe. Katika vijiji vya mabanda vya Kitui, Kanuku na Kinyago, eneo la Pumwani, wakazi walisaidiwa kujijengea upya kwa miti na udongo. Pumwani ina Waislamu wengi, na ingawa mwanzilishi alikuwa padri, hakuna aliyeulizwa ubatizo.

Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya, utegemezi ambao haujawahi kuwa salama kwa shirika lolote. Labda ndiyo maana, miaka ya karibuni, Undugu imewahimiza vijana wa mitaani waunde vikundi vyao, waweke akiba pamoja na kutafuta kazi kama kuosha magari na kuzoa taka.